Skana za Uniden: Sentinel inatosha, au ulipie programu nyingine?

Anayenunua Uniden SDS100, skana ya redio ya kusikilizia mawasiliano ya idara kama polisi na zimamoto, nchini Marekani hukutana mapema na swali la kompyuta. Mfumo mmoja tu wa P25 (redio za kidijitali za idara za umma) katika kaunti unaweza kuwa na mamia ya vikundi vya mawasiliano: polisi, zimamoto, ambulensi, mabasi ya shule. Kuviingiza kimoja kimoja kwa vitufe vya skana ni kazi ya kukatisha tamaa. Ndipo inapokuja Sentinel, programu ya kompyuta inayotolewa bure na Uniden wenyewe, na zile za kulipia kama ProScan na ARC536 ya BuTel.

Wanaotetea Sentinel wana hoja nzito. Hazina yake ya masafa ya Marekani na Kanada husasishwa kila wiki bila malipo. Taarifa hizo chanzo chake ni RadioReference, tovuti inayokusanya masafa ya redio, na programu nyingine zikitaka kuzivuta moja kwa moja kutoka huko, mtumiaji lazima awe na usajili wa kulipia, juu ya bei ya leseni. Kwa mtu anayesikiliza kaunti yake tu, sioni sababu ya kubeba gharama mbili.

Kuna tahadhari moja, tena kubwa. Ukituma orodha zako kwenye skana kutoka Sentinel, zilizomo kwenye kadi yake ya kumbukumbu hufutwa na za kompyuta huchukua nafasi yake. Marekebisho uliyofanya kwa vitufe ukiwa njiani yanapotea, usipotangulia kuyasoma kutoka kwenye skana.

Lakini kupanga masafa ni jambo moja, kuiendesha skana ni jambo jingine, na mabishano mengi yanachanganya hayo mawili. Sentinel hufungua kadi ya skana kama flashi, basi. ProScan huiendesha skana ikiwa inasikiliza: skrini yake unaiona kwenye kompyuta, unabonyeza kwa mausi, hata ukiwa mji mwingine kupitia intaneti. Ni kweli skana hurekodi yenyewe kwenye kadi. Ila usiku wa dhoruba, zimamoto wakiitwa huku na huku, rekodi zilizopangwa kwenye kompyuta kwa jina la kikundi na saa, bila ukimya wa katikati, ni msaada mkubwa kwa mwandishi wa habari. Huyo alipe, na pesa yake haijapotea.

Wapo wanaohofia kutegemea programu za watengenezaji wadogo. Hofu hiyo naielewa, lakini GRE, kampuni nyingine ya skana, iliposimamisha uzalishaji mwaka 2012, wenye skana zake za PSR-500 waliendelea kuzipanga kwa programu ya Win500, ambayo haikuwa ya kampuni hiyo.

Wenye Mac wajue kwamba Sentinel na ProScan zote ni za Windows. Na hakuna programu, ya bure wala ya kulipia, inayofungua mawasiliano yaliyosimbwa, yaani yaliyofungwa kwa msimbo wa siri. Polisi wa New York walianza kusimba ya kwao Brooklyn mwaka 2023. Kabla ya kutoa hata dola moja, angalia kwanza kama idara unazotaka kusikiliza bado zinasikika.