Seva ya barua pepe katika ofisi ya tawi: inapofaa na inapolemea

Wazo la kuweka seva ya barua pepe ndani ya ofisi ya tawi huzaliwa na kero moja: mfanyakazi humtumia mwenzake wa chumba cha pili faili kubwa, nalo husafiri hadi makao makuu kisha likarudi kwa laini ileile ya intaneti, ilhali wawili hao wametenganishwa na ukuta tu. Kero hiyo ni ya kweli. Kiambatisho hugeuzwa kuwa maandishi kabla ya kutumwa, hivyo faili la megabaiti 9 hufikia karibu megabaiti 12. Likipelekwa kwa watu 10 wa tawi hilohilo, laini hubeba megabaiti 12 kwenda na takriban 120 kurudi. Seva ikiwa tawini, mzigo huo wote hubaki kwenye nyaya za ofisi.

Hoja ya pili, kwamba tawi litaendelea na kazi laini inapokatika, naona hupewa uzito usiostahili. SMTP, itifaki ya kusafirisha barua iliyochapishwa mwaka 1982, ilitungwa kwa kutambua kwamba seva ya upande wa pili huenda isipatikane: seva inayotuma huiweka barua kwenye foleni na kurudia kujaribu, na mwongozo wa sasa unaitaka isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Programu za kusomea barua nazo huweza kuhifadhi nakala kwenye kompyuta ya mtumiaji. Anachokosa mtu wakati huo ni barua mpya, na zile zitokazo nje ya tawi zisingefika hata kama seva ingekuwa chini ya meza yake.

Kuisimika seva si kazi kubwa. Postfix na Dovecot, ambazo ni programu huria, huhudumia makumi ya watu kwenye kompyuta ya kawaida. Mzigo ni kuitunza. Seva inayotuma barua moja kwa moja kwenye intaneti huhitaji rekodi sahihi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwa mwenye haki ya kuituma, pamoja na anwani ya IP (namba ya seva kwenye intaneti) yenye jina linalolingana nayo, la sivyo barua zake huishia kwenye barua taka. Machi 2021, Microsoft ilipotoa marekebisho ya dharura ya kuziba mianya ya usalama katika Exchange, programu yake ya seva ya barua pepe, walioathirika ni wenye seva zao wenyewe, si waliotumia huduma yake ya mtandaoni. Tawi lisilo na fundi wa kuchukua hatua siku hiyohiyo halipaswi kuwa na mlango wa aina hiyo.

Ipo njia ya kati: barua zote za nje ziingilie na kutokea makao makuu, nayo seva ya tawi ihifadhi visanduku tu. Hata hapo, mfanyakazi aliye safarini atategemea laini dhaifu ya tawi kusoma barua zake, na nakala za akiba zitapita humohumo, ingawa usiku.

Kabla ya kununua chochote, kumbukumbu za seva ya makao makuu za mwezi mmoja zitaonyesha ni barua ngapi huanzia na kuishia tawini. Zikiwa chache, laini haitapumua, kwa kuwa barua ya mteja wa nje huivuka mara moja kwa vyovyote vile. Zikiwa nyingi lakini uzito wake ni viambatisho, folda ya pamoja kwenye mtandao wa ofisi huondoa kero ileile bila kugusa barua pepe.