Siku Farasi Wetu Alipokufa Mbele ya Watoto wa Watu

Farasi ninayemtunza amekufa mara nyingi kuliko kiumbe yeyote ninayemjua. Hufa Jumamosi kwenye maonyesho ya mashambani, hufa kwenye sherehe za watoto, na akikuta umati wa kumridhisha hufa mchana na jioni akafa tena. Ndiyo kazi yake. Unapiga mjeledi hewani, pa! Naye anayumba, anapiga magoti, anajilaza ubavu na kutoa ulimi nje. Watu wakishangilia anafufuka, anawainamia kwa adabu, anapewa karoti. Mimi nabaki naokota mavi.

Kwenye karatasi zake anaitwa Duke. Mimi namwita Sultani, kwa tabia zake. Mimi mtu wa Lamu, kwetu mnyama wa kazi ni punda, na punda hana makuu. Bi Mkubwa, yule mama wa Kimarekani mwenye farasi, aliponiuliza siku ya kuomba kazi kama nawajua wanyama wa jamii hiyo, nilimjibu kwamba nimekua nao mlango mmoja. Hakuuliza zaidi. Huku Pennsylvania ukishasema "Indian Ocean" watu hukuamini lolote.

Basi Bi Mkubwa akapata kazi Chincoteague, kisiwa kidogo cha pwani ya Virginia, wiki ya mwisho ya Julai, wiki ambayo kisiwa kizima huwa hakina pa kutemea mate. Familia moja ilikodi nyumba yenye ua kando ya barabara kuu, mjukuu wao anatimiza miaka, wakataka Sultani amchezee jioni. Mchana wote mapumziko. Bi Mkubwa akasema tuwahi, tukawaone farasi pori wakivuka maji.

Shemeji yangu akadandia safari. Huyu ni mtu wa Mombasa, dereva wa lori, anakaa Baltimore, na hajawahi kukosa jambo la bure. Tukampakia njiani, kofia yake ya vito kichwani, thermosi ya chai ya tangawizi mkononi. Tukavuka daraja la ghuba ya Chesapeake, kilomita saba hivi juu ya maji, Shemeji kafumba macho anasoma dua, Sultani huko nyuma kwenye trela anatafuna majani yake bila wasiwasi. Nikamwonyesha Shemeji jalada la farasi: cheti cha daktari, cheti cha kupimwa damu, kwa sababu huwezi kumwingiza farasi kwenye jimbo jingine kienyeji tu.

Akalipekua lote, akalifunga polepole. "Kumbe farasi karatasi zake ziko sawa," akasema. "Kuna watu nawajua wangelala usingizi mzuri na jalada kama hili."

Nieleze kidogo hii sherehe. Ng'ambo ya Chincoteague kuna kisiwa kirefu chembamba, Assateague, nacho hakina mji. Wanaoishi huko upande wa Virginia ni poni, farasi wafupi wenye singa ndefu na matumbo makubwa, maana majani wanayokula yana chumvi, basi kutwa wananywa maji. Wapo wanaosema babu zao waliogelea kutoka kwenye jahazi la Wahispania lililozama. Wengine wanasema wakulima wa zamani waliwaficha wanyama wao kisiwani ili wasilipe kodi. Mimi naamini ya kodi. Wenye poni hao ni zimamoto wa kujitolea wa Chincoteague. Miaka ya 1920 mji uliungua vibaya, vifaa vya kuzimia moto hakuna, na tangu 1925 wakawa wanawavusha poni majini kila Julai, wanapiga mnada watoto wao, wanapata fedha za magari na pampu. Mpaka leo. Kundi haliruhusiwi kuzidi wakubwa 150, kwa hiyo hata hao poni wenyewe nadhani mnada wameshauzoea. Jumatano wanavuka, Alhamisi dalali anapiga mnada, Ijumaa waliobaki wanarudi kwao kwa kuogelea vilevile.

Kuvuka kwenyewe ni dakika chache tu. Wanangoja maji yasimame, kati ya kujaa na kupwa, halafu wapanda farasi wanaoitwa makauboi wa maji chumvi wanawasukuma poni mkondoni. Watu wanaamka usiku wa manane kwenda kusimama kwenye tope kwa ajili ya hizo dakika, mbu wakila karamu. Bi Mkubwa akaenda. Sisi tukaachwa uani na Sultani, kwa maelezo kwamba poni wakishapumzika watapitishwa barabarani, mbele ya geti letu, hadi uwanja wa mnada. Nikaona mambo si ndiyo haya: kivuli, chai, na sherehe inakufuata ulipo.

Amri ilikuwa moja. Sultani asifanye chochote. Akifanya bure mchana, jioni nani atamlipa?

Kufika saa nne watu wameshajipanga kando ya barabara pande zote mbili, viti vya kukunja, miavuli, watoto mabegani. Walio upande wetu walikuwa wameuegemea ukuta wa ua, na kwa kuwa poni hawajafika, macho yote yakageuka kwa Sultani. Nimemshika kamba, amepigwa brashi mpaka anang'aa, shingo ameisimamisha. Anajua anaangaliwa.

"Anajua kufanya nini?" mtoto mmoja akauliza.

"Leo anapumzika," nikamjibu.

Ndipo huko mwanzo wa barabara, kwenye kona, kauboi mmoja akatangulia mbele ya kundi na kupiga mjeledi hewani. Pa!

Nilihisi kamba inalegea mkononi. Sultani akayumba. Akapiga goti moja, la pili, akaguna ile guno yake ya kuagana na dunia, akajilaza ubavu kwenye nyasi. Ulimi nje.

Watu wakapiga ukelele. Shemeji, aliyekuwa anamimina chai, akashtuka akaropoka, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," halafu akakumbuka ni farasi, akaikatiza kwa kukohoa.

Sasa hapa lazima mfahamu jinsi farasi huyu anavyofufuka. Hakuna neno la kumwamsha, hakuna filimbi. Miaka na miaka amekufa mbele za watu, watu wakapiga makofi, naye akaamka. Makofi ndiyo ufunguo. Na si makofi ya mtu mmoja: Sultani husubiri yakolee. Onyesho likidorora hulala hapo hata dakika tano, anadai haki yake. Msione ajabu. Huko Berlin palikuwa na farasi aitwaye Hans, watu wakidhani anajua hesabu, unamuuliza jumlisha hii na hii anakujibu kwa kwato. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst akagundua kwamba Hans hajui hesabu hata chembe, ila anamsoma muulizaji, anaona mwili unavyolegea jibu likifika, basi anasimamisha kwato. Farasi wa namna hiyo huwezi kumdanganya kwa vikofi vya kulazimisha.

Ila nani anampigia makofi farasi aliyeanguka?

"Joto limemuua!" akalia mwanamke aliyevaa fulana yenye picha ya poni. Mwingine akasema yeye ni muuguzi, akaruka ukuta na kuinama. Nikamwambia, mama usijali, mzima huyu, mwangalie tumbo linapanda na kushuka. Akaniangalia kwa huruma na kuniambia kwamba hizo ndizo pumzi za mwisho. Baba mmoja akaja na sanduku la barafu la vinywaji, akammwagia Sultani lote shingoni, vipande vya barafu pamoja na kopo moja la soda lililosahauliwa ndani. Sultani hakutikisa hata sikio. Nzi akamtua mdomoni, akatembea mpaka kwenye ulimi, akarudi. Hakutikisika. Karibu yake kabisa nikaona jicho la upande wangu limefunguka wembamba wa uzi, linanitazama: vipi, mbona kimya?

Nikafanya lililobaki. Nikaanza kupiga makofi.

Peke yangu, nimesimama juu ya maiti, mbele ya watoto wanaolia. Pa, pa, pa, pa.

Kimya kilichoanguka hapo sijakisikia tena. Mwanamke wa fulana akamziba mwanawe macho, safari hii si kwa sababu ya farasi, kwa sababu yangu. Nikajitahidi kutabasamu ili kuwatoa wasiwasi. Sikushauri kutabasamu katika hali ile.

"Pigeni makofi, tafadhali," nikawaomba. "Wote kwa pamoja. Ataamka."

"Masikini, kachanganyikiwa," nikamsikia muuguzi. "Ni mshtuko." Akanishika bega akitaka nikae chini, niinamishe kichwa katikati ya magoti.

"Shemeji!" nikaita kwa Kiswahili. "Nisaidie, piga makofi!"

"Shemeji yangu," akanijibu kwa upole, hatua tatu nyuma na thermosi yake, "mimi watoto wangu wananitegemea."

"Piga!"

Akapiga. Anapiga anaangalia pembeni, kama hayumo. Sasa tukawa Waafrika wawili, mmoja na kofia ya vito, tunampigia makofi farasi wa kizungu aliyekufa, katikati ya sikukuu yao. Mzee mmoja kwenye kiti cha kukunja akauliza kama hayo ni mazishi ya kwetu. Mkewe akamkanya: heshimu mila za watu. Basi, mama wa watu akavua kofia na yeye akaanza kupiga makofi, taratibu, kwa majonzi. Walio karibu naye wakamfuata. Yalikuwa makofi ya msibani hasa, na Sultani, fundi wa makofi, akayasikiliza akayakataa. Jicho likafungwa.

Kilichotuokoa ni poni. Walikuwa wamechelewa kwa sababu jike mmoja na mwanawe wameingia uani kwa mtu wanakula maua, na kauboi wanawabembeleza. Wakatoka. Kundi likapinda kona, wekundu, weupe madoa, weusi, singa bado zimeganda chumvi, watoto wao wamebanana ubavuni mwa mama zao. Barabara nzima ikalipuka kwa vifijo.

Sultani akasimama.

Akajikung'uta, barafu ikaruka kila upande, akanyoosha mguu mmoja mbele, akainamisha kichwa mpaka chini. Akashukuru kulia, akashukuru kushoto. Muuguzi akakaa chini mwenyewe, hakuna aliyemshika bega. Watoto wakapiga kelele ya furaha ambayo sijui niielezeje, na wazazi wakaanza makofi ya kweli, makofi ya mtu aliyerudishiwa ng'ombe wake. Sultani akayapokea yote. Nikamshika kamba upesi nimtoe pale.

Pa! Kauboi wa pili huyo anapita.

Sultani akafa.

Vifijo. Akafufuka. Akainama. Kauboi wa tatu, pa! Akafa. Na kundi lile lina kauboi wa mbele, wa ubavuni na wa nyuma, na kila mmoja ana mjeledi na hana habari na yanayotokea uani kwetu. Mjeledi, chini. Shangwe, juu. Watu wakaelewa mchezo. Watoto wakawa wanahesabu kwa sauti. Poni, ambao sherehe yao ilianza babu zangu wakiwa vijana, walikuwa wanapita migongoni mwa watu na hakuna anayewaangalia, isipokuwa yule mzee wa kiti cha kukunja aliyekuwa anafoka kwamba yeye amekuja kuona poni na si sarakasi. Mtoto mmoja wa poni, mwekundu, akachepuka akaja mpaka ukutani, akamnusa Sultani puani wakati amekufa. Sultani akafungua macho yote mawili. Katika kazi yake yote ndiyo mara ya kwanza kumwona akiharibu onyesho. Mama poni akamvuta mwanawe kwa kilio kimoja, wakaenda zao.

Kauboi wa mwisho alipopita, Sultani alikuwa tope tupu upande mmoja, brashi yangu ya asubuhi imekwenda na maji, na anahema kwa raha. Ndipo nilipomtazama Shemeji. Kofia ya vito haikuwa kichwani. Alikuwa anaipitisha ukutani, uso wa unyenyekevu, na watu wanadondosha dola. Hata mzee wa kiti cha kukunja alitoa, akasema ni ya barafu.

Bi Mkubwa alizuiwa upande wa pili mpaka kundi liishe. Akavuka barabara na sahani ya chaza wa kukaanga mkononi, akamtazama farasi, akanitazama mimi, akaitazama kofia.

"Nilisema asifanye chochote."

"Hajafanya," nikamwambia. "Amekufa tu."

Akatafuna chaza mmoja, anafikiri. Akasema nusu ya fedha iende kwa zimamoto, kwa sababu mijeledi ni yao, na nusu iliyobaki ni ya farasi, maana yake yake yeye. Nikaanza kuhesabu. Shemeji akanivuta mkono, akaninong'oneza sikioni: "Muulize basi, na mimi niliyemsomea Inna lillahi, fungu langu linatoka wapi?"