Chui wa Bagamoyo na ubishi wa sanaa ya kisasa

Wachoraji wa Bagamoyo wana ubishi wao usiokwisha. Upande mmoja wako waliosomea sanaa za ufundi, pamoja na wapenzi wao wa Dar es Salaam, wanaosema picha zinazoning'inia kwenye maduka ya vinyago ya Mji Mkongwe, nyingi za mtindo wa Tingatinga, ni bidhaa tu: chui yuleyule, mbuyu uleule jua likizama, Wamasai wembamba wamepangwa mstari na shuka zao nyekundu. Upande wa pili wako wanaozichora na kuziuza, na jibu lao ni fupi: picha isiyouzika inamfaa nani? Katikati anabaki kijana wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapo Bagamoyo kilichoanza mwaka 1981 na ambacho wengi wanakijua kwa ngoma na maigizo kuliko kwa rangi. Akishasoma habari za Monet na Picasso, wachoraji wakubwa wa Ulaya, kisha akakatiza mitaa hadi madukani, anajiuliza yeye yuko kwenye historia ipi.

Nitasema mapema ninakoegemea. Shutuma kwamba sanaa hii imeharibika kwa sababu inauzwa kwa wageni naiona dhaifu. Shutuma kwamba inajirudia ina uzito wake, ila anayelaumiwa siye.

Wanaodharau picha za madukani hupenda kuitaja Paris, basi twende hukohuko. Mwaka 1874 kundi la wachoraji waliochoka kukataliwa kwenye Salon, yale maonyesho rasmi, walifanya maonyesho yao wenyewe katika iliyokuwa studio ya mpiga picha Nadar. Claude Monet alitundika picha ya bandari ya Le Havre alfajiri, akaipa jina la Impression, soleil levant, yaani taswira, jua likichomoza. Mwandishi wa gazeti, Louis Leroy, akalichukua jina hilo kuwakejeli wote, na kejeli ikageuka jina la mkondo: impreshonizimu. Hayo husimuliwa sana. Kisichosimuliwa sana ni habari ya Paul Durand-Ruel, mfanyabiashara wa picha aliyenunua kazi zao kwa wingi wakati karibu hakuna aliyezitaka, akakaribia kufilisika, hadi mwaka 1886 alipobeba picha zipatazo 300 kwenda New York. Matajiri wa Marekani ndio waliomnusuru. Mkondo ambao vitabu vinauweka mwanzo wa sanaa ya kisasa uliinuliwa na wateja wa kigeni, watu waliotaka mandhari ya Ufaransa kwenye sebule zao. Sasa mtu akiniambia chui wa Bagamoyo si sanaa kwa kuwa ananunuliwa na Mjerumani aliyeshuka kwenye basi la watalii, nashindwa kuona tofauti iko wapi.

Hata kabla ya mfanyabiashara kulikuwa na fundi. Mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand, aliyekuwa akiishi London, alibuni mrija wa bati wa kuhifadhia rangi. Kabla ya hapo rangi ilitayarishwa ndani na ilikauka haraka kwenye vifuko vya kibofu cha mnyama; baada ya hapo mchoraji aliweza kutia mirija mfukoni akaenda kuchorea mtoni. Miaka miwili nyuma yake, mwaka 1839, Daguerre alikuwa ametangaza njia yake ya kupiga picha, na kazi ya kuchora sura za wateja ikaanza kuwaponyoka wachoraji. Sisi tumeyaona haya kwa macho yetu. Fundi aliyekuwa akichora vichwa vya watu kwenye ukuta wa kinyozi, na samaki na soda kwenye ukuta wa mgahawa, amenyang'anywa kazi na mabango ya kuprinti. Baadhi ya mafundi hao walihamia kwenye picha za watalii. Wengine wameacha kabisa, na hakuna aliyeandika walichokijua.

Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo wa chui hawa, hakuwa na mrija wala chuo. Alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, akapitia kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akafika Dar es Salaam. Alianza kuchora mwaka 1968 kwa alichokipata: kipande cha hadibodi cha futi mbili kwa mbili na rangi ya mafuta ya dukani, ile ya kupakia milango na baiskeli. Picha aliziuza Oysterbay, kwenye eneo la Morogoro Stores, na wateja wake wengi walikuwa wageni. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu, akafa. Muda wake wote wa kuchora ni miaka minne tu. Ndugu na wanafunzi wake wakaendelea, na mwaka 1990 wachoraji wa mtindo huo wakaunda ushirika wao Dar es Salaam. Bagamoyo iko kilomita kama 70 tu kutoka hapo, na mtindo ulifika kama vinavyofika vitu vingine vyote vya Dar.

Msogelee chui mmoja ukutani. Rangi ya nyuma ni ya machungwa juu, inafifia kuwa njano chini. Imepakwa kwanza ikaachwa ikauke kabisa. Juu yake likaja umbo la mnyama kwa rangi moja, halafu madoa: duara jeusi, ndani yake tone la kahawia, pembeni mwake nukta nyeupe. Madoa hayaufuati mwili. Hayapungui kwenye mbavu wala hayapindi kwenye goti, yamelala bapa kama nakshi za kitenge. Kichwa kimegeuka upande lakini macho yote mawili yanakutazama wewe. Mwalimu wa darasani angekata alama hapo. Ila rangi ya mafuta ya dukani haina subira: inang'aa, na ikishika haikubali kuchezewa taratibu ili kivuli kiyeyuke ndani ya mwanga. Inataka kingo kali na rangi nzima nzima. Mtindo umetoka kwenye kopo la rangi kwa kiasi kilekile umetoka kwenye kichwa cha mtu.

Kopo hilo halina aibu yoyote. Picasso alitumia Ripolin, rangi ya kupakia nyumba ya Ufaransa, na Mmarekani Jackson Pollock alipokuwa akimwagia rangi turubai lililotandazwa sakafuni mwishoni mwa miaka ya 1940, sehemu kubwa ya alichomwaga ilikuwa rangi ya kiwandani. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na uhuru wa kuchagua na Tingatinga hakuwa nao. Anayeona tofauti hiyo inatosha kumtoa Tingatinga kwenye orodha ya wasanii wa kisasa, mimi naona anapima mfuko, hapimi picha.

Hadi hapo nimewatetea wa madukani. Sasa lile la kujirudia.

Watetezi husema Monet naye alirudia. Kweli, mwaka 1890 na 1891 alichora marundo ya nafaka katika picha kama 25, na baadaye akalichora kanisa kuu la Rouen mara 30 hivi. Utetezi huu hauwafikishi mbali. Yalikuwa marundo yaleyale, lakini kilichochorwa ni mwanga wa saa ile, ukungu wa siku ile. Ukiziweka picha pamoja unaona mtu anatafuta kitu. Ukiweka pamoja chui kumi wa maduka ya Bagamoyo, mara nyingi unachokiona ni saizi tofauti kwa bei tofauti. Wamasai wa mstari mmoja ndio wanaonichosha zaidi, hasa kwa kuwa picha hizo huuzwa kwenye mji wa Waswahili, Wazaramo, Wakwere na Wadoe, mji wenye ngalawa, mnada wa samaki, milango ya nakshi na Boma la Wajerumani linalotazama bahari, na mgeni anaondoka na picha ya mfugaji wa Ngorongoro.

Hata hivyo si kweli kwamba mtindo huu haukuwahi kusogea. Picha za mwanzo zilikuwa na mnyama mmoja, mkubwa, katikati ya ukimya. Walioufuata waliongeza ndege hadi wakafunika ubao mzima, wakaleta kijiji, hospitali, soko, mganga na mgonjwa wake. Watu walewale wanaoitwa wanakili walibadilisha mpangilio, idadi na hadithi. Kisha mwendo ukapungua. Swali la maana ni kwa nini ulipungua.

Jibu la kwanza, linalopendwa na waliosoma, ni elimu: wafundishwe mikondo ya Ulaya watafunguka. Jibu hilo lina historia ndefu kwetu Afrika Mashariki kuliko wengi wanavyodhani. Margaret Trowell, aliyeanzisha masomo ya sanaa Makerere mwaka 1937, hakutaka wanafunzi wake wamezwe na Ulaya; alitaka wachore hadithi na maisha waliyotoka nayo. Cecil Todd, aliyepokea kiti mwishoni mwa miaka ya 1950, aliona huko ni kuwafungia watu nje ya dunia, akaingiza historia ya sanaa ya Ulaya na nadharia ya rangi. Mtanganyika Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, alisoma mikononi mwa Trowell kisha akaenda chuo cha sanaa cha Slade, London, na bado akabaki akichora migomba, mavuno na watu wanaofanya kazi pamoja, kwa umbo bapa lisilojali kanuni za umbali na ukubwa. Picha yake ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ya mwaka 1956, imo kwenye Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York. Kwa hiyo mtu anaweza kwenda hadi London akarudi na macho yake mwenyewe. Darasa halimpotezi mtu, ila halimtengenezi pia.

Jibu la pili ni la wazalendo: hatuna haja ya kusoma mikondo ya Ulaya kwa sababu wao ndio walioiba kwetu. Ukweli upo. Mwaka 1907 Picasso aliingia kwenye jumba la makumbusho la Trocadéro, Paris, akakuta barakoa za Afrika, na nyuso mbili za upande wa kulia kwenye picha yake Les Demoiselles d'Avignon zinaonyesha alichotoka nacho humo; kubizimu, mkondo wa kuvunja umbo kuwa vipande, ilifuata. Wajerumani wa kundi la wachoraji la Die Brücke, lililoanzishwa Dresden mwaka 1905, nao walisoma kazi za Afrika na Pasifiki kwenye makumbusho ya mji wao. Bagamoyo inahusika na hadithi hii kwa namna isiyopendeza: ilikuwa makao ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891, na majumba ya makumbusho ya Ujerumani yana maelfu ya vitu vilivyotoka nchi hii. Lakini hasira hiyo, hata ikiwa ya haki, haimwambii mchoraji achore nini Jumatatu. Tena ina kinaya chake. Tunalalamika kwamba Picasso hakujua majina ya waliochonga zile barakoa, na sisi ukiuliza dukani chui huyu kachorwa na nani, muuzaji anaangalia saini isiyosomeka, anacheka, anakuuliza unachukua ngapi.

Jibu langu ni hili. Mikondo ya Ulaya ilikuwa na kitu ambacho Tingatinga haikukipata: watu wa kuigombeza hadharani, kwa maandishi, picha kwa picha. Leroy aliwatukana mwaka 1874. Mhakiki mwingine, Louis Vauxcelles, mwaka 1905 aliona rangi za Matisse na wenzake akawafananisha na hayawani wa porini, fauves kwa Kifaransa, ndilo chimbuko la jina la fovizimu, na mwaka 1908 akaandika kwa dharau juu ya vipande vya mchemraba vya mchoraji Braque. Walikuwa wakali, mara nyingine hawakuelewa kabisa, lakini walikwenda kuangalia, wakataja majina ya watu na ya picha. Mchoraji alijua kesho yake atasomwa. Alikuwa na wa kubishana naye na alikuwa na mkubwa wa kumkana: mchoraji Cézanne hakutosheka na impreshonizimu, na wana kubizimu walianzia kwa Cézanne wakaenda wasikomjua.

Kwetu picha huandikwa habari zake maonyesho yanapofunguliwa na mgeni rasmi. Gazeti litataja waziri, balozi na chakula. Mchoraji atatajwa kwenye sentensi ya mwisho pamoja na wenzake. Wanunuzi nao ni wapita njia. Mtalii wa Bagamoyo hatarudi mwakani kulalamika kwamba fundi wake hajabadilika, wakati Durand-Ruel alinunua kwa watu walewale miaka nenda rudi, na alijua nani ameteleza. Mgeni siye tatizo. Tatizo ni kwamba hakuna anayekaa, si mteja wala mwandishi. George Lilanga, aliyetoka kwenye uchongaji wa Kimakonde akaingiza mashetani wake kwenye rangi, alikulia kisanaa Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, karakana iliyofunguliwa mwaka 1972, mahali ambapo wasanii walionana kila siku na kazi zao zilionekana na watu walewale. Sidhani ilikuwa bahati.

Tamasha la Bagamoyo lingeweza kuanza hata kwa kidogo: ukuta mmoja wa chui watupu, kila mmoja na jina la aliyemchora, na watu watatu wanaojua kuandika wakiombwa waseme yupi anaishi na yupi amekufa, na kwa nini. Hapo wa upande wa pili, wanaochora na kuuza, watanipinga, na wana haki. Watasema kalamu kali itaua biashara ya mtu mdogo. Monet alikuwa na Durand-Ruel wa kumfidia, kijana wa kibandani ana kodi ya banda tu. Ndiyo maana ningeanza na walimu wa vyuo na wachoraji ambao tayari wana majina, ambao picha zao zimekaa maofisini bila kuguswa na neno. Hao wana mishahara. Wao wakishazoea kusomwa, wa vibandani wataomba wenyewe.