Pumba tunazozichoma zingetupunguzia joto nyumbani

Pita Ifakara baada ya mavuno. Kando ya mashine za kukoboa utaona pumba za mpunga zimerundikwa, nyingine zikifuka moshi mchana kutwa. Kwenye kilo 100 za mpunga, kama kilo 20 ni pumba. Sehemu huenda kuchomea matofali, sehemu kwenye mabanda ya kuku, zinazobaki tunazitia kiberiti.

Jioni tunarudi kwenye nyumba ambazo ukuta wake wa magharibi umekunywa jua tangu adhuhuri. Uguse saa 2 usiku, bado wa moto, na watoto wanagaagaa bila usingizi. Inaniuma, kwa sababu tunachokichoma kingesaidia.

Joto hupita kwa shida penye hewa iliyotulia. Ganda la mpunga limejikunja kama mtumbwi, na hewa hukaa ndani yake. Ukipunguza mchanga kwenye lipu ukatia pumba, lipu inakuwa nyepesi na joto linachelewa kupenya. Vumbi la mbao nalo hufanya hivyo.

Wengi huchanganya pumba na majivu yake. Majivu yamejaa silika, madini yale yale yaliyomo kwenye mchanga, na pumba zikiunguzwa kwa moto usiozidi nyuzi 700 hivi, silika hiyo hushikana na chokaa inayotoka kwenye saruji. Hapo unaokoa saruji. Kazi ya kuzuia joto ni ya pumba zenyewe.

Nyumbani tulianza vibaya. Tulitia pumba na vumbi la mbao vikavu, na siku ya tatu lipu ilikuwa bado inamong'onyoka kwa kucha. Mabaki ya mimea yana sukari, na sukari huizuia saruji isigande. Mara ya pili tuliloweka kila kitu usiku kucha kwenye maji ya chokaa, tukachuja, ndipo tukachanganya. Ikashika. Juu yake fundi alipiga lipu nyembamba ya kawaida, maana lipu ya pumba hunyonya maji ya mvua.

Lipu hii haibebi uzito, na nyumba ya bati isiyo na dari itabaki tanuri hata ukiipaka kuta zote. Anza na dari. Lakini vyuo vyetu vya ufundi vingeweza kupima vipimo vya mchanganyiko huu na kuwafundisha vijana, badala ya kila fundi kubahatisha kwenye karai lake.

Mwenye mashine ya jirani amekubali kuniwekea magunia 10 msimu huu. Ukuta wa chumba cha watoto ndio unaofuata.