Kiongozi wa ukumbi anapoaga, jukwaa ni la nani?

Mwaka 2015 Dominic Dromgoole alitangaza tamthilia ambazo angefungia miaka yake kumi ya kuuongoza ukumbi wa Shakespeare's Globe, London. Zilikuwa nne tu: Pericles, Cymbeline, The Winter's Tale na The Tempest, ambayo sisi tunaijua kama Tufani tangu Samuel Mushi alipoitafsiri mwaka 1969. Ni kazi za miaka ya mwisho mwisho ya Shakespeare, zimejaa mabinti waliopotea, meli zilizozama na jamaa wanaosameheana baada ya miaka mingi ya chuki. Pericles na Tufani aliziongoza mwenyewe. Cymbeline akampa Sam Yates, na The Winter's Tale akamwachia Michael Longhurst.

Aliyesoma orodha ile hakuhitaji kufafanuliwa. Katika Tufani, Prospero, mtawala aliyepinduliwa na ndugu yake na kuishia kisiwani, anaahidi kuivunja fimbo yake ya uganga na kukizamisha kitabu chake. Mwishoni anabaki peke yake jukwaani, anawaomba watazamaji wampigie makofi ili awe huru aende zake. Kiongozi anayeondoka akiichagua tamthilia hiyo, hotuba ya kuaga ameshaitoa.

Naipenda sana tamthilia hiyo, na msimu ule nauona kama jambo la heshima. Hata hivyo kuna swali ambalo wapenzi wa maigizo tunalikwepa kila kiongozi mkubwa anapotangaza msimu wake wa mwisho: kwa nini kuondoka kwa mtu mmoja kuwe ndiyo maudhui ya ukumbi mzima?

Globe si mali ya mtu. Ni ya taasisi ya hisani iliyoanzishwa na Sam Wanamaker, mwigizaji wa Marekani aliyeanza mwaka 1970 kuhangaikia ujenzi mpya wa ukumbi wa Shakespeare kando ya mto Thames, akafariki Desemba 1993 kabla haujakamilika. Ulifunguliwa rasmi mwaka 1997. Tofauti na kumbi nyingine kubwa za London, hauendeshwi kwa ruzuku ya serikali ya kila mwaka. Unaishi kwa tiketi, kwa wafadhili, kwa mafunzo na kwa wageni wanaokuja kuutembelea. Watu wapatao 700 husimama uani mbele ya jukwaa, na katika miaka yote ya Dromgoole tiketi ya kusimama ilibaki pauni 5. Kwa nyumba ya namna hiyo, kila wiki ya kalenda ni jasho la watu wengi, na anayeichukua kwa ajili ya kuaga ana jambo la kueleza.

Dromgoole hakuwa wa kwanza. Mark Rylance, kiongozi wa kwanza wa sanaa wa Globe, alipomaliza mwaka 2005, msimu wake wa mwisho nao ulikuwa na Pericles, The Winter's Tale na Tufani. Tufani ile ilichezwa na waigizaji watatu waliogawana wahusika wote, na Prospero alikuwa Rylance mwenyewe. Kwa hiyo kilichofanyika 2015 kilikuwa karibu desturi ya nyumba.

Nianze na wanaoitetea desturi hiyo, kwa sababu wana hoja nzito kuliko wanavyosikilizwa. Kiongozi anayebaki lazima afikirie msimu ujao. Anahitaji jina litakalojaza viti: Hamlet, Romeo na Juliet, Ndoto ya usiku wa kiangazi. Pericles na Cymbeline si za namna hiyo. Pericles ina maandishi yaliyotufikia yakiwa yameharibika, na wasomi wengi wanaamini sehemu yake ya kwanza iliandikwa na George Wilkins. Cymbeline ina mkanganyiko wa visa unaowatoa jasho hata waigizaji wazoefu. Anayeondoka ndiye mwenye uhuru wa kuziweka zote pamoja kwa miezi kadhaa, ili mtazamaji azione zikijibizana, baba wa tamthilia moja akikutana na kosa la baba wa nyingine. Wengi hawapati nafasi hiyo maishani mwao.

Tena tutazame ilifanyika wapi. Dromgoole hakulichukua jukwaa kubwa la wazi. Aliaga wakati wa baridi, katika Sam Wanamaker Playhouse, ukumbi mdogo wa ndani uliofunguliwa Januari 2014 chini ya uongozi wake, wenye nafasi kama 340 tu. Mwanga wake ni wa mishumaa ya nta ya nyuki. Vinara vinavyoning'inia hushushwa mbele ya watazamaji, mishumaa ikawashwa au ikazimwa mmoja mmoja, kisha vikapandishwa tena, na muda wote huo mchezo unaendelea au unasubiri. Tamthilia hizi ziliandikwa wakati kampuni ya Shakespeare ilipokuwa ikianza kutumia ukumbi wa ndani wa Blackfriars, na ndani ya ukumbi huu mpya hakuna tamthilia yake iliyokuwa imeandaliwa kabla ya msimu huo. Msimu wa kuaga ulikuwa hapohapo jaribio la kitaalamu ambalo nyumba ilikuwa inalidaiwa, na kwangu hiyo ndiyo hoja bora ya upande huu. Jukwaa kubwa lilibaki tupu likimsubiri Emma Rice, mrithi aliyekuwa ameshatangazwa, aanze nalo kiangazi cha 2016.

Sisi wa Kiswahili tuna sababu ya kumkumbuka Dromgoole kwa wema. Mwaka 2012 Globe yake iliandaa tamasha la tamthilia 37 za Shakespeare kwa lugha 37, na Kiswahili kilipewa The Merry Wives of Windsor. Wasanii wa Afrika Mashariki walisimama kwenye jukwaa lile, Mrisho Mpoto akiwa Falstaff, yule mzee mlafi anayewatongoza wake za watu na kuishia kufichwa ndani ya kapu la nguo chafu. Lugha yetu ilisikika pale bila kuombewa radhi. Miaka miwili baadaye, Aprili 2014, kikosi cha waigizaji 12 kikaondoka London na Hamlet kwa safari ya miaka miwili iliyofika zaidi ya nchi 190, huku kwetu Afrika Mashariki kukiwemo. Kilirudi Globe tarehe 23 Aprili 2016, miaka 400 tangu Shakespeare afariki, siku zilezile Dromgoole alipokuwa akikabidhi ofisi.

Upande wa pili unaanzia hapohapo kwenye utamu. Msimu wa kuaga haukosolewi kwa haki. Mchambuzi anaingia akijua ni mara ya mwisho, na kila kasoro anaisoma kama huzuni. Safari ya Hamlet ilikuwa na maswali magumu. Amnesty International ililalamika waziwazi juu ya mpango wa kwenda Korea Kaskazini, ambako hatimaye hawakucheza. Wengine waliuliza kama kuipeleka tamthilia moja ya Kiingereza kila kona ya dunia si ubeberu wa zamani uliovaa joho jipya, hasa baada ya tamasha la 2012 ambalo liliileta dunia London kwa lugha zake yenyewe. Mimi naliona swali hilo kuwa la haki. Lakini wiki za kuaga si wiki za kujibu maswali. Ni wiki za shukrani, na shukrani ikizidi hufunika mjadala.

Mjadala uliofunikwa zaidi ulikuwa juu ya Globe yenyewe: je, ni maabara ya kujaribu namna Shakespeare alivyoigiza, mchana kweupe, mtazamaji na mwigizaji wakionana uso kwa uso? Au ni ukumbi wa leo wenye umbo la kale, ulio huru kutumia taa na vipaza sauti kama kumbi nyingine? Rylance na Dromgoole, kwa tofauti zao zote, waliegemea upande wa kwanza. Rice alitoka kwenye kampuni ya maigizo ya Kneehigh, huko Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, akisifika kwa muziki, rangi na michezo ya kusisimua, na hakuwahi kulificha hilo. Walioajiri walijua wanamwajiri nani.

Rice aliweka mitambo ya taa na sauti. Watu walijaa. Oktoba 2016, miezi sita tu baada ya kuanza, bodi ikatangaza kwamba angeondoka Aprili 2018, na kwamba ukumbi ungerudi kwenye maonyesho ya mwanga wa pamoja, yaani mwanga mmoja unaowaangaza waigizaji na watazamaji sawasawa. Tangazo lenyewe lilikiri kwamba tiketi zilikuwa zimeuzwa vizuri sana. Kwa hiyo tatizo halikuwa pesa wala watazamaji. Nyumba ilikuwa haijakubaliana ni nyumba ya nini, na mwaka mzima ambao ungefaa kwa makubaliano hayo ulikuwa umepita kwa mishumaa na machozi.

Simtupii Dromgoole lawama ya bodi. Si kazi ya anayeondoka kumwekea mrithi masharti, na angefanya hivyo tungemwita dikteta. Ila bodi ilipata mwaka ambao kila mtu alikuwa na furaha, na furaha hiyo ikawaondolea wajumbe haja ya kuuliza jambo gumu. Gharama aliilipa Rice.

Naye akapata msimu wa kuaga, wa aina nyingine kabisa: msimu wa mtu aliyeambiwa aondoke na bado ana tiketi za kuuza. Kiangazi cha 2017 aliuita Majira ya Mapenzi. Aliongoza Twelfth Night, akarudisha Tristan & Yseult ya Kneehigh, na wakati wa baridi akaleta Romantics Anonymous, tamthilia ya muziki kuhusu watu wawili waoga wanaotengeneza chokoleti, ndani ya ukumbi uleule wa mishumaa. Aprili 2017 alichapisha barua ya wazi kwa mtu asiyemjua, yaani yeyote ambaye angemrithi, akaeleza kwamba hakuwa tayari kuuacha uhuru wake wa kisanaa. Kati ya misimu mitatu niliyoitaja, huu ndio uliosema ukweli mwingi zaidi kuhusu nyumba, kwa sababu haukuweza kujifanya kila kitu kiko shwari.

Watanzania hatuhitaji kufundishwa ugumu wa jambo hili. Mwalimu Nyerere, aliyetupa Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi kwa Kiswahili, aling'atuka urais mwaka 1985 akabaki mwenyekiti wa chama hadi 1990. Hadi leo watu wanabishana kama kubaki kwake kulimsaidia Mzee Mwinyi au kulimbana, na wote wana mifano yao. Katika vikundi vyetu vya maigizo hali ni mbaya zaidi, maana mara nyingi hakuna kuaga kabisa. Mwanzilishi anashika kila kitu, kuanzia mswada hadi funguo za stoo ya mavazi, mpaka anaugua au anagombana na wenzake, na kikundi kinaishia hapo. Nikiliwaza hilo, msimu wa kuaga wenye tarehe ya mwisho iliyoandikwa unaonekana ustaarabu mkubwa. Natamani tungekuwa na wa kwetu wa kuubishania.

Kuna pia kuaga kusikoisha. Robert Falls aliuongoza ukumbi wa Goodman, Chicago, tangu 1986 hadi 2022, na mwaka 2023 akarudi palepale kuongoza The Cherry Orchard ya Chekhov, wakati Susan Booth ameshakalia kiti. Sioni ubaya wowote ikiwa mwenye kiti ameridhia. Ni heri kurudi kwa mwaliko kama fundi kuliko kubaki kama kivuli.

Na hapo ndipo Shakespeare mwenyewe anapowasaliti wanaomtumia kuagia. Tunapenda kuamini kwamba Tufani, ya mwaka 1611 hivi, ilikuwa kwaheri yake. Haikuwa. Baada yake aliandika tena, safari hii na John Fletcher, kijana aliyekuja kumrithi kama mwandishi mkuu wa kampuni yao. Pamoja waliandika Henry VIII, ambayo ilikuwa ikichezwa tarehe 29 Juni 1613 wakati cheche za mzinga wa jukwaani zilipoangukia paa la nyasi na kuiteketeza Globe ya kwanza. Pamoja waliandika pia The Two Noble Kinsmen. Mzee alitumia nguvu zake za mwisho mezani na mrithi wake, wakigawana matendo na maonyesho, mstari wa mmoja ukifuata wa mwenzake.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kiongozi aliyefanya kazi njema apewe msimu wake: mfupi, kwenye ukumbi mdogo, wenye tamthilia ambazo nyumba inazidaiwa. Katika hayo Dromgoole alipatia. Kilichokosekana mwaka 2015 ni tamthilia ya tano, iliyoongozwa na Rice ndani ya msimu uleule wa mishumaa, wazee wa bodi wakiwa wameketi na kuona kwa macho yao ni nani waliyemwajiri na angeutumiaje mwanga. Mabishano yangezuka, na yangezuka mapema, kabla ya mtu kuhama kazi na kampuni yake.

Msimu wa 2015 haukuwa na tamthilia hata moja kati ya zile ambazo Shakespeare aliandika na Fletcher. The Two Noble Kinsmen iliingia kwenye jukwaa kubwa la Globe mwaka 2018, ikiongozwa na Barrie Rutter, katika kiangazi cha kwanza cha Michelle Terry, kiongozi aliyempokea Rice.