Kosa langu la Leipzig na kibao cha shingoni

Jana kwenye darasa la Kijerumani hapa Leipzig, Ujerumani, nilisema "ich habe gegangen", nikimaanisha nilikwenda. Kumbe kitenzi hicho hakiendi na haben (kuwa na), kinakwenda na sein (kuwa). Mwalimu hakunikatiza. Alisema tu, "Ah, Sie sind gegangen! Wohin?", akawa anataka kujua nilikwenda wapi. Nikamjibu, safari hii sawasawa. Hakuna aliyecheka. Nilirudi na tramu nina furaha, tena nina hasira.

Hasira ya kidato cha kwanza. Ukiongea Kiswahili, unavishwa kibao shingoni. Ukijaribu Kiingereza ukateleza, darasa zima linaangua kicheko na mwalimu yumo. Tukajifunza kunyamaza na kunakili. Usanisinuru niliouelewa vizuri shule ya msingi, nikaukariri upya kwa Kiingereza bila kuelewa kitu.

Najua mtasema: "Kaenda Ulaya juzi, leo anatudharau." Simdharau mtu. Njia ya mwalimu huyu mama yangu anayo tangu zamani. Mtoto akiuliza "kikombe yangu iko wapi?", mama anamjibu "kikombe chako kiko mezani", na ngeli inaingia yenyewe. Kule Arusha wajukuu wake wana Kiswahili, Kimeru na Kimaasai cha sokoni kabla hawajashika kalamu. Mtaalamu wa isimu Selinker aliandika mwaka 1972 kwamba anayejifunza lugha hujijengea lugha yake ya katikati, yenye kanuni zake. Kosa linaonyesha amefika wapi. Hayo mama anayajua. Shule ndiyo inayasahau.

"Huko mko kumi na watano, sisi tuko tisini." Kweli kabisa, na mwalimu wa watoto tisini namwonea huruma. Ila kuvua kibao hakungoji bajeti.

"Waacheni wasikie Kiingereza tu, kitawaingia." Hapana! Krashen mwenyewe, mtaalamu wa ujifunzaji wa lugha anayetetea kusikia kuliko wote, anasema kinachoingia ni kile mtu anachokielewa, kilichomzidi kidogo tu, na kwamba hofu hufunga mlango. Tena Kanada watoto wa nyumba za Kiingereza walisomeshwa kwa Kifaransa miaka mingi, wakaelewa vizuri, lakini wakifungua mdomo sarufi inawayumbisha. Ndipo mtafiti wa huko, Merrill Swain, mwaka 1985, akasema lazima mwanafunzi asukumwe kuzungumza. Atazungumza vipi mtoto anayeogopa kuchekwa?

Mpwa wangu anaanza kidato cha kwanza Januari. Nimemwomba dada aniulizie kama kile kibao bado kipo.