Sukari, kahawa, kokwa au asidi: gomaji ipi inaifaa ngozi ya Goma?

Pita Birere, hapa Goma, siku yoyote, utaona makopo ya gomaji, yaani vipodozi vya kuondoa seli zilizokufa za ngozi, yamepangwa kati ya losheni na sabuni. Lebo moja ina picha ya kahawa, nyingine aprikoti, nyingine sukari, na kando yake kuna vichupa vidogo vya asidi ambavyo vijana wamevijua kupitia video za simu. Wanunuzi nao wamegawanyika. Wapo wanaoshikilia kwamba kitu cha jikoni au cha shambani hakiwezi kuudhuru mwili, kwa hiyo sukari, chumvi na kahawa ni salama kuliko chochote kilichotoka maabara. Wengine wanasema kusugua uso kwa punje ni kuukwaruza tu, afadhali asidi. Kila upande una hoja ya kweli, ila zote mbili zinasahau kwamba ngozi inayozungumziwa ni nyeusi, iko karibu na ikweta, kwenye mji ulio mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji ya kuisuuza mara nyingi yamebebwa kwa bidoni.

Kwanza tukubaliane kazi ya gomaji ni nini. Tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli zilizokwisha kufa. Usoni tabaka hilo ni jembamba kuliko unywele mmoja wa kichwa. Nyayoni ni nene mara nyingi zaidi. Kwa kawaida seli mpya huchukua karibu mwezi mmoja kutoka chini hadi kufika juu na kupukutika zenyewe. Gomaji inaharakisha kupukutika huko, basi. Ngozi inakuwa laini, mafuta yanapaka vizuri, vumbi jeusi la volkano lililojikusanya pamoja na jasho linatoka. Haifuti kovu, haifungi matundu ya ngozi, na haibadilishi rangi aliyozaliwa nayo mtu.

Katika vitu vya kusugulia, mimi naipa sukari nafasi ya kwanza, na sababu yake si uasili. Weka punje chache za sukari upande wa ndani wa kifundo cha mkono, pale ngozi ilipo nyembamba, dondoshea maji kidogo, kisha zungusha kidole. Mwanzo utahisi ncha zake. Baada ya muda mfupi ncha zinalainika, punje zinapungua, halafu hakuna kitu. Yaani hata mtu mwenye mkono mzito ana kikomo, kwa sababu chombo chenyewe kinaisha kabla hajafika mbali. Ukichanganya na mafuta, yawe ya nazi au ya alizeti, punje zinateleza zaidi na ngozi haibaki imekauka. Kuna dai linaloenea kwamba sukari ina asidi ya glikoliki ndani yake, kwa hiyo inasugua na kuyeyusha seli kwa pamoja. Hilo si kweli. Asidi hiyo inahusishwa na muwa, lakini sukari ya mezani ni kitu kingine, na haigeuki kuwa asidi juu ya ngozi ya mtu.

Chumvi nayo inayeyuka, ila ile ya mawe ina kingo kali na inawasha mahali popote palipochubuka. Iachiwe miguu. Unga wa mchele uliosagwa laini ni mpole, na sijui kwa nini hausifiwi zaidi.

Kahawa ndiyo inayonipa shida, maana hapa Kivu tuna haki ya kujivunia kahawa yetu, ya Idjwi na ya Rutshuru, na ni rahisi fahari hiyo ikavuka hadi bafuni. Machicha ya kahawa hayayeyuki. Ukubwa wa punje unategemea kinu kilichoisaga, kwa hiyo kopo moja linaweza kuwa laini na jingine kama changarawe. Faida yake ni kwamba ni taka ya bure kwa anayeinywa nyumbani, na kwenye mapaja, viwiko na magoti inafanya kazi nzuri. Kuhusu kafeini kuondoa mafuta yaliyojikunja chini ya ngozi, matokeo yake ni madogo na hayadumu. Usoni naikataa.

Vivyo hivyo kokwa zilizosagwa. Kopo linaweza kuwa na picha ya aprikoti, lakini ukisoma nyuma unakuta Juglans regia, yaani ganda la jozi, tunda gumu la nchi za baridi. Mwaka 2016 wateja wawili huko Marekani waliishtaki kampuni ya Unilever kuhusu gomaji yake ya St. Ives yenye unga huo, wakidai unachana ngozi kwa michaniko midogo isiyoonekana kwa macho. Mwishoni mwa 2018 jaji aliitupilia mbali kesi: hawakuweza kuthibitisha kwamba michaniko hiyo, hata kama ipo, ni hatari kwa afya. Wapenzi wa gomaji hiyo wanaisoma hukumu hiyo kama cheti cha usalama. Sivyo. Kesi ilianguka kwa kukosa ushahidi, na kukosa ushahidi wa madhara si sawa na kuwa na ushahidi wa usalama. Lakini wapinzani nao wakubali kwamba neno "michaniko" limesambazwa kwa uhakika mkubwa kuliko uthibitisho uliopo. Hofu yangu mimi iko kwingine. Kwa ngozi nyeusi, msuguano wa kila mara unatosha kuleta weusi, iwe imechanika au haijachanika. Kila mahali ngozi yetu inapoudhiwa, hutengeneza rangi zaidi, na doa linalobaki huchukua miezi kufifia. Mtu anasugua chunusi ili iishe, chunusi inaisha, weusi unabaki, anasugua weusi.

Madaktari wa Japani waliliandika jambo hili katika miaka ya 1980: watu waliokuwa wakijisugua kwa taulo na brashi za nailoni walitokewa na weusi juu ya mifupa ya mabega na mgongo, pale ngozi inapokaa karibu na mfupa. Nalitaja kwa sababu ya ule wavu wa kuogea tulionao karibu kila nyumba. Wavu huo peke yake ni gomaji. Mtu anayeutumia kila asubuhi tayari anaondoa seli zilizokufa, na akiongeza kopo la kahawa jioni, anasugua mahali ambapo hakuna kilichobaki cha kusuguliwa. Tuliochukua mazoea haya kwa mama zetu tumeuona wavu kama sehemu ya sabuni tu, hatuuhesabu. Kwa upande mwingine, jiwe jeusi lenye matundu, ambalo volkano ya Nyiragongo imetujazia mji mzima, halina mshindani kwenye kisigino kilichopasuka. Likiloweshwa vizuri na kutumiwa taratibu, hakuna haja ya kununua kitu.

Kuna punje moja ambayo haistahili mjadala: plastiki. Makopo ya zamani, na mengine yasiyojulikana yalikotoka, yana vipunje vya mviringo ambavyo lebo huviita polyethylene. Kwenye ngozi ni vipole, pengine kuliko vyote nilivyotaja. Lakini haviozi. Marekani ilipitisha sheria ya kuvikataza mwaka 2015, Uingereza ikafuata 2018, na Umoja wa Ulaya ukaweka kanuni pana zaidi mwaka 2023. Sisi tunaoga, maji yanamwagwa, yanapenya kwenye lava au yanateremka moja kwa moja hadi Ziwa Kivu, na kesho chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, inapanda na bidoni kutoka ziwa hilohilo.

Sasa asidi. Wanaoitetea wana hoja nzito kuliko wengi wetu tunavyotaka kukubali. Asidi haisugui, inalegeza kinachoshikilia seli zilizokufa. Ya laktiki ni pole kiasi na inaivutia ngozi unyevu. Ya glikoliki ina molekuli ndogo, inapenya haraka na kuwasha haraka. Ya salisiliki inapatana na mafuta, kwa hiyo inaingia ndani ya tundu lililoziba, na kwa chunusi, au kwa vipele vinavyowatoka wanaume shingoni baada ya kunyoa, hakuna sukari wala kahawa inayoweza kazi hiyo. Bidhaa nyingi zake za chunusi hazizidi asilimia 2. Isitoshe, baadhi ya asidi hizi zinapakwa na kuachwa bila kusuuzwa, na kwa mtaa unaosubiri bidoni hilo si jambo dogo. Gomaji ya mafuta na sukari inakula maji mengi kuiondoa, na ngozi iliyochubuliwa kisha kuoshwa kwa maji yasiyotibiwa inakaribisha usaha.

Hata hivyo asidi ina deni lake, na deni hilo linalipwa juani. Jopo la wataalamu wa vipodozi Marekani liliweka mpaka mwaka 1998: kwa matumizi ya nyumbani, glikoliki na jamaa zake zisizidi asilimia 10, na pH, kipimo ambacho kadiri namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyokuwa kali, isishuke chini ya 3.5. Katika utafiti unaotajwa na mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, watu waliopaka glikoliki ya kiwango hicho kwa wiki nne, wepesi wa ngozi yao kuungua na jua uliongezeka kwa wastani wa asilimia 18. Baada ya kuacha, hali ilirudi kawaida ndani ya wiki moja. Asilimia 18 si nyingi kwa mtu wa ofisini Ulaya wakati wa baridi. Hapa miale inaongezeka kwa karibu asilimia 10 kila mita 1,000 unazopanda, na mama anayeuza soko la Kituku au la Virunga yuko nje tangu asubuhi. Bila krimu ya kujikinga na jua, asidi aliyoipaka ili kuondoa madoa itamwongezea.

Tena asidi haikwambii papo hapo kwamba umezidisha. Mkono unaosugua unahisi, unapunguza. Chupa isiyo na asilimia iliyoandikwa, au iliyogawanywa kwenye vichupa vidogo sokoni, inakuachia kubahatisha, na jibu linakuja kesho yake kwa ngozi inayowaka.

Ndimu isipakwe kabisa. Asidi yake haipimiki, na ganda lake lina kemikali ambazo zikikutana na jua zinachoma ngozi hadi malengelenge, kisha weusi wa miezi. Bikaboneti nayo ni kinyume cha asidi, inaivuruga ngozi ambayo kwa asili ni ya asidi kidogo. Kuwa jikoni hakujavisafisha vitu hivi.

Na wapo wanaotumia gomaji kama hatua ya kwanza ya kujichubua rangi. Lazima hili lisemwe wazi, kwa sababu maneno ya "kung'arisha" kwenye makopo yanawaita wao. Krimu yenye klobetasoli, dawa kali ya steroidi, inaifanya ngozi kuwa nyembamba. Kuisugua ni kuumiza kitu kisicho na kinga. Krimu yenye hidrokwinoni au zebaki, vitu vya kufifisha rangi, ikipakwa juu ya ngozi iliyotoka kusuguliwa, inapenya zaidi. Hapo hakuna kiungo bora cha kulinganisha.

Kwa hiyo mizani yangu inalala hivi. Mwili: sukari na mafuta mara moja kwa wiki, na wiki hiyo wavu upumzike. Miguu: jiwe. Uso usio na tatizo: kitambaa laini chenye maji ya vuguvugu kinatosha. Uso wenye chunusi: salisiliki ya asilimia 2 au chini, jioni, mara mbili kwa wiki kwanza, na tu kwa mwenye pesa ya kununua pia krimu ya jua. Kama pesa inatosha kitu kimoja, anunue krimu ya jua, aiache asidi. Kwenye saluni, mteja aombe kuona kopo lenyewe kabla hajalaza kichwa, asome majina na asilimia. Likikosekana, mikono na miguu isuguliwe, uso usiguswe.